Profesa wa Kiti cha Mlangoni

Alikozaliwa sitasema, wala baba yake alikuwa nani, wala mama yake alitoka upande gani. Si kwamba sijui. Aliniambia mwenyewe, baada ya miaka mingi, tukila mahindi ya kuchoma kando ya Ngong Road, kisha akapangusa mikono na kusema, "Haya, umeshajua. Na hunijui zaidi ya ulivyonijua jana."

Hilo ndilo swali alilolichukia kuliko yote. Watu walimtazama mwanamke huyu, ngozi yake isiyo nyeupe wala nyeusi, nywele zake zilizokataa kulala na zikakataa kusimama, na kabla ya kumwuliza jina walimwuliza katoka wapi. Yeye alijibu, "Hapo karibu na Soko la Toi." Walidhani ni utani, wakacheka, wakauliza tena. Naye akajibu tena vilevile, na kama bado hawakuridhika aliwaelekeza njia mpaka mlangoni kwake. Wanafunzi walimwita pointi, yaani mtu wa nusu-nusu, wakidhani hasikii. Wazee wa chuo walimwita chotara, neno baya zaidi, wakijua fika kwamba anasikia. Mimi nilimwita Prof, kama mwanafunzi kwanza, na baadaye kama mwalimu mwenzake katika idara moja, na sikuwahi kubadilisha.

Alikuwa na msemo mmoja kuhusu jambo hilo, na akishausema huwa amefunga mazungumzo. "Kule nilikosomea nilikuwa mweusi kabla sijavua koti. Nikarudi Nairobi, nikawa mzungu kabla sijachukua begi langu uwanja wa ndege. Ni mimi yuleyule na begi ni lilelile."

Chuoni hakuwahi kukaa mbele. Iwe mkutano wa idara, semina au sherehe ya kuwaaga wanafunzi, alichukua kiti cha plastiki, kile cheupe kilichopasuka mgongo, akakiweka kando ya mlango. "Mwenye kazi akae mbele," alisema. Kama kazi ilikuwa yangu, mbele palikuwa pangu. Ilionekana sheria nzuri mpaka wageni, wafadhili wetu kutoka ng'ambo, walipokuja. Hapo mimi nilisimama mbele nikieleza utafiti wetu wa nyumba za kupanga Kibera na Kawangware, utafiti niliouandika kuanzia neno la kwanza, na wageni wakawa wanageuza shingo kuutafuta uso wa mlangoni. Nilizijua kabisa shingo na masikio ya watu wa dunia nzima. Swali likiulizwa liliruka vichwa vyote likaenda nyuma.

"Mwulizeni aliyesimama," alisema bila kuinua macho.

Wakageuka. Baada ya dakika shingo zilikuwa zimesharudi kulekule. Kuna siku nilipomaliza kuzungumza mgeni mmoja alinishukuru kwa upole sana, kisha akaniuliza kama chai itakuwa tayari hivi karibuni. Niliona haya, nikaona hasira, na kwa sababu mama alinilea vizuri nikaenda kuulizia chai. Prof alinifuata mpaka jikoni. Hakusema pole. Alichukua birika mkononi mwangu, akarudi nalo ndani, akawamiminia wageni wote chai mmoja mmoja, na yule mgeni akawa mwekundu mpaka shingoni, ile shingo niliyoizoea.

Msidhani alikuwa malaika. Langoni pa chuo kulikuwa na soja mmoja mrefu, Mkamba mwenye adabu nyingi, aliyekuwa akinikagua begi kila asubuhi kama kwamba nimelaza bunduki humo ndani. Gari la Prof likija aliinua kizuizi kutoka mbali. Siku alipogundua hilo, nami nikikaguliwa pale kando, alisimamisha gari katikati ya lango, akashuka, akafungua begi lake. Magari yakapiga honi nyuma yake, la mkuu wa kitivo likiwa mojawapo.

"Prof, we ingia tu," soja akamsihi.

"Nikague kwanza."

"Sasa nikague nini, Prof? Si nakujua."

"Na huyu humjui? Amepita hapa miaka mingapi?"

Maskini soja aligusa begi kwa vidole viwili, kama mtu anayemgusa mtoto wa wenyewe. Wakaendelea hivyo muhula mzima, yeye akishuka, soja akigusa, mpaka mtu wa watu akazoea. Basi siku moja Prof amechelewa mtihani, soja akaona afanye kazi yake sawasawa. Alitoa mwavuli, akatoa ndizi, akatoa viatu vya akiba, akauliza ile chupa ina nini. Prof alifoka! Sijawahi kumsikia akifoka vile. "Unanijua mimi? Unanikagua hivi mimi?" Maneno yalipomtoka aliyasikia mwenyewe. Alisimama pale na ndizi mkononi, akaanza kucheka, akacheka mpaka soja naye akacheka kwa kuogopa. Siku nzima alikuwa akitikisa kichwa na kuniambia, "Mazoea yana taabu, mwenzangu. Mazoea yana taabu."

Na wakati mwingine aliitumia ngozi hiyohiyo makusudi. Faili langu la kuajiriwa lilikaa katika ofisi moja miezi na miezi. Nilikwenda, nikaambiwa mkubwa hayupo. Nikarudi, nikaambiwa yupo lakini ana mkutano. Asubuhi moja Prof alivaa miwani myeusi, akajifunga skafu, akaanza kuzungumza Kiingereza cha puani ambacho sikuwahi kukisikia kwake, akatoka. Kabla ya chakula cha mchana faili lilikuwa juu ya meza yangu, limetiwa sahihi.

"Usinishukuru," alisema. "Hiyo ni aibu, si msaada."

Nilifurahi sana, na nilichukia sana, na mpaka leo sijui kipi kilitangulia. Nilipiga simu kumwambia mama nimepata kazi, na katikati ya vigelegele vyake nilikuwa nikitazama dirishani, nikimwona Prof bombani anaosha uso.

Kibera alinifundisha kazi kwa kutoingia. Mwanzoni tulikwenda pamoja nyumba kwa nyumba. Tukiingia, mwenye nyumba humfukuza mtoto kwenye kochi, huchomoa kitambaa safi cha kufuma akakitandika, na Prof hukalishwa pale. Kisha majibu yalikuja yamepangwa kama risala ya mgeni rasmi: shida yetu ni maji, shida yetu ni choo, shida yetu ni karo. Yote kweli, lakini ni ya kumpa mfadhili. Nikirudi peke yangu kesho yake, mama yuleyule alinikalisha juu ya ndoo, akanieleza jinsi alivyompokonya jirani chumba cha pembeni kwa ujanja, na tukacheka mpaka nikasahau kuandika. Prof aliposoma majibu yote mawili aliyalaza mezani kando kwa kando. "Uso wangu unaharibu kazi," alisema. Tangu siku hiyo tulifika wote mpaka Soko la Toi, yeye akabaki kwenye mitumba, mimi na wanafunzi tukaingia ndani. Mama mmoja wa Kibera aliniuliza kwa huruma kabisa, "Kwani huyo mzungu wenu ni mgonjwa? Mbona hukaa tu sokoni?"

Sokoni alikuwa na vita vyake. Akiuliza bei ya koti, koti hupanda palepale. Hivyo alilichagua kwa macho, akaja kunisubiri, akanituma nikalinunue huku amejibanza nyuma ya turubai. Muuza koti mmoja alitukamata. "Aah, madam! Kumbe ni wewe? Toka huko nyuma, nakuona. Huyu nimemwuzia kama sister, na wewe ndio utavaa?"

"Mimi pia ni sister," Prof akajibu kutoka nyuma ya turubai.

"Sister wa wapi?"

"Wa hapa hapa Toi. Miaka yote unaniona."

"Nakuona, lakini hujawahi kunisalimia kama mtu wa hapa. Unakuja na jicho ya kuogopa bei."

Alikaa na neno hilo njia nzima. Nadhani lilimwuma, kwa sababu wiki iliyofuata alikwenda pale bila haja ya koti, akamsalimia niaje, akakaa. Nasikia wakawa marafiki, ingawa bei haikushuka hata kidogo.

Kilichomwuma zaidi, hata hivyo, ni nyumbani kwetu. Mama yangu anakaa Kawangware, kituo cha 46, chumba na sebule katika ploti ndefu ya vyumba vya kupanga yenye bomba moja, na anauza mboga za kienyeji kule kituo cha 56. Alitoka Magharibi mwa Kenya na heshima zake zote hajazisahau. Kwetu mgeni hukalishwa kochi lenye kitambaa, hununuliwa soda, na haguswi na kazi yoyote. Prof alianza kuja tangu nilipofiwa na baba. Alikuja miaka mingi, sikukuu na siku za kawaida, na kila akija mama alisimama, akatandika kitambaa, akanituma soda. Prof alikataa kochi. Mama alimshika mkono akamkalisha. Prof aliomba ungo wa mboga achambue nasi. Mama alicheka kwa adabu, akausogeza mbali. Na lazima jirani yetu, Mama Mwende wa kutoka Kitui, apitishe kichwa kwenye pazia na kusema, "Mama Nekesa, naona mko na mgeni!"

"Tuko naye," mama hujibu kwa fahari. "Karibu umsalimie."

Tukitoka, Prof alikuwa akinung'unika mpaka kituoni. "Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu liko wapi, Nekesa? Nimekuwa mgeni mpaka nimezeeka."

Nilicheka. Niliona ni mambo madogo. Mtu ambaye milango humfungukia yenyewe, nilijiambia, anaweza kuvumilia kochi.

Kisha ukafika mwaka wake wa kustaafu, na hapo ndipo nilipomjua vizuri.

Utafiti wa nyumba ulikuwa unaingia awamu mpya, mkubwa kuliko mwanzo, na ulihitaji mkuu. Idara nzima ilijua ni mimi. Nilikuwa naibu kwa miaka mingi hivi kwamba wengine walidhani Naibu ni jina langu la ubatizo. Lakini wafadhili walimwambia mkuu wa kitivo kwamba wangependa Prof abaki kwa mkataba, awe mkuu wa awamu nzima, maana wamemzoea. Mkuu wa kitivo akasema wazo zuri sana. Nikaenda kwake Prof nikiwa natabasamu, nikisubiri tucheke pamoja.

Hakucheka. "Nitafikiri," alisema.

"Ufikiri nini, Prof?"

"Nifikiri, Nekesa. Kazi ndiyo kitu pekee nilichonacho."

Kwenye mkutano wa wafadhili nilifika mapema. Nilikiona kile kiti cha plastiki mlangoni, na nilipomwona anaingia nilishusha pumzi. Alikipita. Alitembea mpaka mbele, akavuta kiti kikubwa cha ngozi kwenye kichwa cha meza, akakaa. Wageni wakafurahi, hakuna aliyehitaji kugeuza shingo. Nikakaa mimi kile cha mlangoni, kwa kuwa ndicho kilichobaki, na ule ufa wa mgongoni ukanibana nguo.

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu asiye ndugu yangu. Sikupokea simu zake. Nilirudi kwa mama nikamwaga yote, kwamba miaka yote ile ilikuwa mahubiri tu, kwamba ukikuna ngozi ya mtu wa kukaa mbele utamkuta ni wa kukaa mbele. Mama alinisikiliza huku akifunga mafungu ya kunde.

"Umemwuliza?" alisema.

"Niliona kwa macho."

"Macho imeona akikaa. Haijaona akiamka."

Jumamosi alikuja bila kuitwa. Tulikuwa sebuleni, mama na mimi, na magunia mawili ya mboga, mrenda na managu, katikati, maana Jumamosi jioni ndiyo siku ya mauzo na tulikuwa tumechelewa. Niliposikia hatua zake uani nilizitambua, kwa kuwa anaburuta mguu wa kushoto kidogo. Alisimama mlangoni, akabisha hodi. Mama akasema karibu. Mimi sikusimama. Sikutandika kitambaa, sikwenda kununua soda. Mama mikono yake ilikuwa na utomvu wa mboga mpaka kwenye viwiko, akanitazama, akaona uso wangu, akaacha kuinuka.

Hivyo Prof hakukalishwa na mtu. Kochi lilikuwa na gunia juu yake. Aliangaza, akaona kigoda kando ya mlango, akakaa.

Majani yaliendelea kukatika. Kisha mama akauvuta ungo, akaujaza mrenda, akamsukumia mpaka magotini.

Prof aliutazama ungo ule kwa muda. Akaanza kuchambua.

"Nimekataa," alisema, akiiambia mboga. "Jana niliwaambia."

Nikavunja shina jingine.

"Siku ile nilikaa mbele, Nekesa. Nataka ujue kwa nini nilikaa. Nilitaka. Nilikaa nikasikia raha. Hakuna aliyeuliza nimetoka wapi, hakuna aliyegeuka, walinisikiliza tu kama mvua. Nikatazama mlangoni nikakuona kwenye kile kiti, umenyoosha mgongo. Na hata hapo sikuamka. Nilikaa mpaka mwisho. Nilirudi nyumbani nikajiogopa."

"Ulisema utafikiri," nikasema. "Ulihitaji kufikiri nini?"

"Kama ninaweza kuwa mtu bila hiyo kazi." Alipangusa pua kwa kiwiko. "Jana niliwauliza, ningekuja nimejifunika uso, mkasoma kazi yenyewe tu, mngemchagua nani? Mkuu wa kitivo akaanza kukohoa. Halafu kijana wao mmoja mwenye miwani akasema, 'Aliyeiandika.' Akataja jina lako. Alilitaja vibaya, lakini alilitaja. Na baada ya hapo wakalipitisha, kwa sababu kila mtu alikuwa anajua."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Jumatatu utaitwa. Utakaa mbele. Usikae kama umeazimwa. Mimi nimelia kwenye gari, nimemaliza, na nitakuja siku ukiniita. Nitakaa mlangoni, kama hamtakuwa mmetupa kile kiti."

Nilitaka kusema mambo mengi. Nilitaka kumwambia kwamba sikupaswa kupewa kazi kwa yeye kukataa, kwamba ilipaswa kuwa yangu hata angekubali. Nadhani alilijua, kwa sababu alikuwa akinitazama kwa namna ya kungoja niseme. Nikasema, "Ufa wa kile kiti unauma mgongo." Naye akasema, "Sana. Miaka yote." Tukaanza kucheka, mimi nikilia kidogo.

"Prof!" mama akasema kwa ukali.

Tulishtuka wote wawili. Katika miaka yote hiyo mama hakuwahi kumpandishia sauti.

"Angalia hiyo ungo. Hiyo unatupa chini ndiyo mboga, na hiyo umeweka ndiyo vijiti. Nani atanunua vijiti kwangu? Umesoma mpaka wapi wewe?"

"Samahani, Mama Nekesa."

"Samahani haiuzi. Okota."

Profesa akainama, akaanza kuokota majani sakafuni moja moja. Hapo ndipo pazia lilipofunguka, na kichwa cha Mama Mwende kikaingia kama kawaida yake, macho yakiwa tayari yana furaha.

"Mama Nekesa, naona mko na mgeni!"

Mama hakuacha kufunga fungu lake. Alilikaza kwa kamba ya mgomba, akalitupa kwenye karai, akachukua jingine.

"Mgeni gani? Hatuna mgeni," alisema. "Ni sisi tu hapa, na tumechelewa. Kama umekuja kusimama, ingia usaidie."

Mama Mwende akatutazama mmoja mmoja, akavua kandambili, akaingia. Profesa hakuinua kichwa. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo kwa muda mfupi, kisha ikaanza tena, haraka haraka, ikihifadhi vijiti na kutupa majani, na mama akamkaripia upya.